Maswali na Majibu: Hamamu na Nyumba za Pompeii

Wasomaji kadhaa wameniandikia kuhusu Pompeii, mji wa Kirumi uliopo karibu na Napoli, kusini mwa Italia, ambao ulifukiwa na majivu na mawe ya volkano ya Vesuvius mwaka 79 BK na ukaanza kufukuliwa mwaka 1748. Baadhi yao wameuliza kuhusu hamamu za umma, wengine kuhusu nyumba za wakazi. Nimeyajibu maswali hayo kwa pamoja, kwa sababu naamini kwamba nyumba ya Mrumi haieleweki vizuri mpaka uijue hamamu aliyokuwa akienda, na hamamu nayo haieleweki mpaka ujue nyumbani kwa watu kulikosekana nini.

Mwalimu, picha za Pompeii zinaonyesha nyumba zenye bustani na sakafu za nakshi. Ilikuwaje watu wenye uwezo wa namna hiyo watoke kwenda kuoga pamoja na kila mtu? (Msomaji, Morogoro)

Kuoga kwa desturi ya Kirumi kulikuwa safari ya kupita chumba hadi chumba, kuanzia pa kuvulia nguo, kisha chumba cha vuguvugu, kisha chumba cha joto kali, na mwishowe birika la maji baridi. Ili vyumba hivyo vifanye kazi yake palihitajika tanuri linalowaka kwa saa nyingi, shehena za kuni, maji yasiyokatika na watu wa kuvihudumia, na ni nyumba chache sana mjini zilizoweza kubeba mzigo huo. Mji wenyewe uliubeba. Pompeii ilikuwa na Hamamu ya Stabia, ambayo ndiyo kongwe kuliko zote, Hamamu ya Uwanja Mkuu, na nyingine nje ya lango linaloelekea baharini. Ya nne, iitwayo Hamamu ya Kati, ilikuwa bado inajengwa mlima ulipolipuka.

Hata mwenye bafu lake alikuwa na sababu ya kutoka. Alasiri, kazi zikiisha, hamamuni ndiko watu walikokutana, wakafanya mazoezi uani, wakapatana bei, wakaalikana chakula cha jioni. Mwandishi Seneca, aliyewahi kukaa juu ya hamamu, analalamikia sauti za wanaonyanyua vitu vizito, za wauza soseji na vitafunwa, na za mtu anayenyonyolewa nywele za kwapani. Mwenye uwezo alifuatana na mtumwa wa kumpaka mafuta na kumlindia nguo, na ulinzi huo ulikuwa na sababu: katika mji wa Bath, Uingereza, vimepatikana vibati vya madini ya risasi ambavyo juu yake watu walioibiwa nguo na mali nyingine walimwandikia mungu wa kike Sulis Minerva wakimwomba awaadhibu wezi.

Walipashaje joto vyumba vikubwa namna ile? (Msomaji, Mombasa)

Swali hili nalipenda, na nitalijibu kwa urefu. Sakafu ya chumba cha joto ilijengwa ikiwa imeinuliwa juu ya nguzo fupi za matofali, zikapangwa kwa safu na kuachiwa nafasi katikati yake. Tanuri lilikuwa upande wa pili wa ukuta, na hewa yake ya moto ilipita chini ya sakafu hiyo, ikapanda ndani ya kuta. Kuta zilifunikwa kwa vigae vyenye chuchu ndefu kwa upande wa nyuma. Chuchu hizo zilikizuia kigae kisigusane na ukuta, na katika uwazi uliobaki ndimo hewa ilimopandia. Kwa njia hiyo mwogaji alizungukwa na joto kuanzia nyayoni hadi mabegani bila kuuona moto wala moshi.

Matangi ya maji yalikaa karibu na tanuri na kupokezana maji, lililo karibu zaidi na moto likiwa la maji ya moto kabisa. Katika Hamamu ya Uwanja Mkuu tanuri hilo lilijengwa kati ya upande wa wanaume na upande wa wanawake ili moto mmoja uhudumie pande zote mbili. Ukiingia leo katika chumba chake cha joto, angalia juu: dari limepinda kama nusu ya pipa na limechongwa mifereo iliyosimama wima kwa mpangilio. Mifereo hiyo ni pambo, lakini pia ina kazi, kwani mvuke uliogeuka maji darini uliifuata na kuteremka ukutani, badala ya kuwadondokea watu vichwani.

Si kila chumba kilipashwa kwa njia hiyo. Chumba cha vuguvugu cha wanaume katika hamamu hiyohiyo kilitegemea jiko kubwa la shaba la makaa lililowekwa ndani yake, na jiko hilo lipo mpaka leo. Lilitolewa na mtu aitwaye Marcus Nigidius Vaccula, na kwa kuwa jina lake la mwisho linakaribiana na neno la Kilatini la ng'ombe, alilipamba kwa sanamu ndogo ya ng'ombe.

Maji kwanza yalivutwa kutoka visimani, jambo lililowachosha watumwa sana. Wakati wa utawala wa Kaisari Augusto ulijengwa mfereji mrefu kutoka chemchemi za Serino milimani, na tawi lake likafika Pompeii katika jengo la kugawia maji lililopo kwenye Lango la Vesuvius, sehemu ya juu kabisa ya mji. Hapo maji yaligawanywa sehemu tatu, yakateremka kwa mabomba ya risasi hadi kwenye hamamu, nyumba za watu waliojiweza na mabirika ya umma yapatayo 40 kwenye pembe za barabara. Mkazi wa kawaida alichota kwenye mabirika hayo, na akaoga hamamuni.

Je, ni kweli kwamba hamamu ya Hamamni, Unguja, inatokana na hizo za Kirumi? (Msomaji, Zanzibar)

Ukoo wake unafika huko, ingawa kwa hatua kadhaa. Dola ya Kirumi ya Mashariki iliendelea na hamamu, na Waarabu walipoitwaa Shamu katika karne ya 7 walizikuta zikitumika na wakazikubali. Ukienda Qusayr Amra, jangwani Jordani, utakuta hamamu ya karne ya 8 iliyojengwa na watawala wa ukoo wa Umayya, yenye chumba cha baridi, cha vuguvugu na cha moto, na sakafu iliyoinuliwa kwa ajili ya hewa ya tanuri. Kutoka hapo desturi ilienea katika ulimwengu wa Kiislamu mpaka Uajemi, na ni mafundi wa Kiajemi waliomjengea Sultan Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, hamamu ile ya Mji Mkongwe. Mpangilio wa vyumba unafanana. Birika kubwa la kuogelea walilolipenda Warumi liliachwa njiani, kwa kuwa Waislamu walipendelea maji yanayotiririka.

Nani aliyegharimia majengo haya? (Msomaji, Dodoma)

Mara nyingi ni fedha ya umma au mfuko wa kiongozi aliyechaguliwa, na tunajua hivyo kwa sababu wahusika hawakutaka sifa yao isahaulike. Katika Hamamu ya Stabia lipo jiwe linaloeleza kwamba Gaius Uulius na Publius Aninius, viongozi wa mji, walijenga chumba cha kutokwa jasho na chumba cha kujikwaruzia mafuta na uchafu mwilini, na wakakarabati baraza na uwanja wa mazoezi, kwa fedha ambazo sheria iliwataka wazitumie ama kwa michezo ama kwa jengo. Nao ukingo wa karai kubwa la marumaru katika Hamamu ya Uwanja Mkuu una herufi za shaba zenye majina ya viongozi wawili, Gnaeus Melissaeus Aper na Marcus Staius Rufus, na bei yake: sarafu za Kirumi ziitwazo sesterti 5,250 kutoka hazina ya mji. Ningependa kila jengo la umma liandikwe bei yake mahali ambapo kila mwananchi anaweza kuisoma.

Wanawake waliruhusiwa kuingia? (Msomaji, Kisumu)

Waliruhusiwa. Hamamu ya Stabia na ile ya Uwanja Mkuu zote zilikuwa na upande wa wanawake wenye mlango wake, lakini upande huo ulikuwa mdogo na wenye mapambo machache. Hamamu ya Kati haikutengewa upande wa wanawake kabisa, na huenda palikusudiwa waingie kwa zamu. Zamu za aina hiyo zinajulikana kutoka Vipasca, kijiji cha machimbo katika nchi inayoitwa leo Ureno, ambako bamba la shaba la karne ya 2 linaweka masharti ya mpangaji wa hamamu: wanawake waingie tangu alfajiri hadi saa ya saba ya mchana, wanaume kuanzia saa ya nane hadi saa ya pili ya usiku. Wanaume walilipa nusu asi, sarafu ndogo ya siku zile, na wanawake asi nzima. Waliopewa saa za asubuhi, kabla joto halijakolea, ndio waliotozwa mara mbili. Siioni sababu ya haki katika jambo hilo.

Maji yale yalikuwa safi? (Msomaji, Bujumbura)

Kwa kipimo cha leo, hapana. Watu walijipaka mafuta ya zeituni na kujikwaruza kwa chuma kilichopinda, lakini masalia ya mafuta, jasho na vumbi yaliingia nao birikani, na hapakuwa na dawa ya kutia majini. Wagonjwa nao walishauriwa na matabibu kwenda kuoga. Celsus, aliyeandika kuhusu tiba katika karne ya 1, alitahadharisha kwamba mwenye kidonda ambacho hakijasafishika asiingie hamamuni, kwa kuwa kidonda huweza kuoza.

Nyumba ya tajiri ilikuwaje ndani? (Msomaji, Lubumbashi)

Kwa upande wa barabara ilionekana kama ukuta tu, pengine na maduka mawili yaliyopangishwa kando ya mlango. Ukipita ujia mwembamba uliingia katika ukumbi wenye uwazi juu ya paa. Mvua iliangukia katika birika la kina kifupi katikati ya sakafu, kisha ikashuka kwenye kisima kilichojengwa chini kwa akiba. Nyuma yake palikuwa na chumba cha mwenye nyumba cha kupokelea watu, na nyuma zaidi bustani iliyozungukwa na nguzo. Asubuhi ukumbi ulijaa watu waliokuja kumwamkia bwana na kuomba msaada, kwa hiyo sehemu ya mbele ya nyumba ilikuwa karibu ya umma. Katika nyumba ya akina Vettius, watu wawili wanaodhaniwa kuwa watumwa walioachwa huru na kutajirika, makasha ya fedha yaliwekwa palepale ukumbini ili mgeni ayaone.

Jiko la nyumba hiyo ni dogo, na masufuria yake ya shaba yalikutwa yakiwa juu ya meko. Choo katika nyumba nyingi kilikaa jikoni au pembeni mwake, kwa sababu maji machafu ya kupikia yalisaidia kukisafisha. Nyumba ya Faun, yenye mita za mraba karibu 3,000 na iliyochukua eneo lote lililozungukwa na barabara, ilikuwa na bafu lake dogo. Vilevile ile iitwayo ya Menander, ambayo chini ya bafu lake mwaka 1930 lilipatikana kasha lenye vyombo 118 vya fedha.

Na wasio na nyumba kama hizo walilala wapi? (Msomaji, Tanga)

Wengi walipanga. Tangazo lililoandikwa ukutani katika jengo la Gnaeus Alleius Nigidius Maius linasema kwamba kuanzia tarehe 1 Julai maduka yenye vyumba vya juu, nyumba za ghorofani na nyumba kubwa vinapangishwa, na anayetaka amwone Primus, mtumwa wake. Mwenye duka kwa kawaida alilala juu ya duka au nyuma yake, bila maji wala mahali pa kuogea.

Watumwa hawakuwa na hata hicho. Katika shamba la Civita Giuliana, nje kidogo ya ukuta wa mji, kilifukuliwa mwaka 2021 chumba cha mita za mraba 16 chenye vitanda vitatu vya mbao na kamba, viwili vya urefu wa mita 1.70 na kimoja cha mita 1.40, pengine cha mtoto. Mitungi minane ya kuhifadhia vitu ilisukumwa kwenye pembe, na mwanga uliingia kwa tundu dogo lililo juu. Kila ninapoandika kuhusu michoro ya ukutani ya Pompeii najilazimisha kukikumbuka chumba hicho, kwa sababu kuni za hamamu, maji ya kisimani na moto wa tanuri vyote vilipita mikononi mwa watu waliolala hivyo.

Nilisikia kwamba hamamu nyingine imegunduliwa hivi karibuni. Ni ya umma? (Msomaji, Nairobi)

Ni ya mtu binafsi, na hilo ndilo linaloifanya iwe ya maana. Uongozi wa hifadhi ya Pompeii uliitangaza mwezi Januari 2025, ikiwa ndani ya nyumba moja kubwa upande wa kaskazini-mashariki wa Uwanja Mkuu. Ina chumba cha moto, cha vuguvugu na cha baridi, birika kubwa katikati ya ua wa mita kama 10 kwa 10 wenye nguzo, na chumba cha kuvulia nguo ambacho mabenchi yake yangetosha watu wapatao 30. Iko jirani na ukumbi wa karamu wenye kuta nyeusi na michoro ya Vita vya Troya, hivyo mgeni aliogeshwa kwanza, kisha akaketishwa kwenye chakula.

Alama ya mwelekeo huo ilikuwepo tangu awali. Baada ya tetemeko la mwaka 62, mama mmoja aitwaye Julia Felix alipangisha, kwa miaka 5 mfululizo, hamamu ya kifahari iliyokusudiwa watu wa hadhi, pamoja na maduka na vyumba vya juu, na tangazo lake la ukutani lilipatikana. Tofauti ni kwamba yeye aliuza huduma kwa anayeweza kulipa, ilhali mwenye nyumba hii mpya aliwaalika wale aliotaka wamuunge mkono, pengine katika uchaguzi. Katika eneo hilohilo la mtaa wachimbaji walikuwa wamekwisha kukuta mahali pa kusagia nafaka na kuoka mikate, penye madirisha madogo ya nondo na bila mlango wa kutokea nje, ambamo punda na watumwa walisaga pamoja, na sakafuni zimebaki alama zilizochongwa za kuongoza hatua za wanyama wanaozunguka jiwe.