Muimbeni angali anasikia

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza: mtunzi na mwimbaji aliyepuuzwa kwa miaka mingi, mashabiki na wanamuziki wenzake wamuenzi vipi? Jibu langu ni kwamba waziimbe nyimbo zake angali anasikia, na jina lake likae pale panapoandikwa jina la mtunzi, kwa sababu hapo ndipo hela hupitia. Hotuba, mishumaa na picha kubwa jukwaani vifuate baadaye, kama kutabaki nafasi.

Hilo nililijua kwa kukosea. Niliinunua albamu ya Sweet Relief II, iliyotoka mwaka 1996, kwa tamaa ya majina ya jaladani: Madonna, R.E.M., Garbage, Smashing Pumpkins. Nikaisikiliza wiki nzima nikidhani kila mmoja kaleta wimbo wake. Siku nilipokifungua kijitabu cha ndani nikakuta jina moja la mtunzi linajirudia, ukurasa kwa ukurasa, kwa herufi ndogo: Vic Chesnutt. Sikuwa nimewahi kulisikia. Nikaona haya kidogo, halafu nikaanza kumtafuta.

Chesnutt alikulia Zebulon, kijimji cha jimbo la Georgia, Marekani. Mwaka 1983, akiwa na miaka 18, alipata ajali ya gari akiwa amelewa, akapooza. Tangu hapo alitembelea kiti cha magurudumu. Mikono ilimrudia nusunusu tu, na vidole viliweza kubana nyuzi za gitaa kwa namna chache mno, basi akatunga nyimbo zinazotosha ndani ya uchache huo. Michael Stipe, mwimbaji wa bendi ya R.E.M., alimsikia akiimba katika kilabu cha mjini Athens, hukohuko Georgia, akampeleka studio na kuzisimamia albamu zake mbili za mwanzo, ya 1990 na ya 1991. Sauti ya Chesnutt hukwaruza kama mlango uliokosa mafuta. Anatania na kuomboleza katika mstari uleule, nawe hujui ucheke au unyamaze. Watunzi wenzake walimhusudu. Wanunuzi walimpita.

Albamu ya kwanza katika mfululizo wa Sweet Relief, ya mwaka 1993, ilikuwa ya kumsaidia Victoria Williams, mtunzi kutoka Louisiana. Aligunduliwa na ugonjwa wa neva, ule unaoitwa multiple sclerosis, wakati akiwa kwenye ziara ya kumfungulia Neil Young pazia, na hakuwa na bima ya afya. Wenzake wangeweza kufanya tamasha moja la machozi kisha kila mtu akaenda zake. Badala yake Lou Reed, Lucinda Williams, Pearl Jam na wengine kadhaa walichukua kila mmoja wimbo wake Victoria na kuurekodi upya. Fedha zilimsaidia kulipa matibabu, na mfuko wa kuwasaidia wanamuziki wagonjwa uliozaliwa hapo unafanya kazi hadi leo.

Hapa pana jambo ambalo mashabiki wengi hatulijui. Wimbo ukirekodiwa na mtu mwingine, mtunzi ana mirabaha yake. Mwaka 1996, kiwango cha kisheria Marekani kilikuwa senti 6.95 kwa kila wimbo katika kila nakala, na mtunzi hugawana na mchapishaji wake, yaani kampuni inayosimamia haki za nyimbo zake. Ni senti, ndiyo, lakini mwimbaji mwenye jina huuza nakala ambazo mtunzi mwenyewe asingeziota. Redio za kawaida za huko nazo humlipa mtunzi, wala hazimlipi aliyeimba. Kwa hiyo staa anayeurudia wimbo wa mnyonge anamfungulia bomba, na likishafunguka hutiririka hata staa akiwa amelala.

Sisemi kila marudio ni mazuri. Baadhi ya bendi kwenye ile albamu yangu zilimpiga pasi Chesnutt mpaka mikunjo yote ikaisha, na uzuri wake ulikuwa mikunjoni. Madonna, aliyeimba pamoja na shemeji yake Joe Henry, alinishangaza kwa kutulia. Alipewa wimbo wa mtu anayebebeshwa hatia kwa ajili ya wale anaoandamana nao. Nani angeujua mzigo huo kuliko yeye?

Na mashabiki je, sisi tusio na studio? Mfano wangu ni Rodriguez, mtunzi na mwimbaji wa Detroit, Marekani. Albamu zake mbili, za 1970 na 1971, zilianguka kwao, ila huko Afrika Kusini watu walizinunua kwa wingi huku wakiamini kwamba mwenyewe alishakufa. Alikuwa hai, akifanya kazi za ujenzi, na senti ya mauzo yale haikumfikia. Waliomfufua ni mashabiki. Walichambua mashairi yake mstari kwa mstari mpaka wakakutana na jina la Dearborn, mji ulio ubavuni mwa Detroit, wakajua pa kuanzia. Mwaka 1998 alipanda jukwaani Cape Town mbele ya maelfu waliojua kila neno. Usikivu wa namna ile, wa kumsikiliza mtu hadi ukajua anakoishi, naupenda kuliko makofi.

Nisidanganye, heshima haiponyi kila kitu. Chesnutt alizidi kurekodi, na wanamuziki walimzunguka kwa upendo wa kweli, lakini madeni ya hospitali yalimwandama mpaka mwisho. Alifariki siku ya Krismasi mwaka 2009 akiwa na miaka 45. Rafiki yake, mwanamuziki Kristin Hersh, alianzisha mchango kwa ajili ya familia, na mashabiki wakatoa. Nilipousoma wito ule nilijiuliza tulikuwa wapi mwezi mmoja kabla, na sijapata jibu la kunipendeza.

Mwaka 2011 bendi ya Cowboy Junkies walitoa albamu nzima ya nyimbo zake. Mwaka uliofuata bendi ya Lambchop, waliowahi kurekodi naye, wakatoa ya kwao na kuitabaruku kwake. Ile ya Cowboy Junkies, kwa kuimbwa, inaipita mbali ile ya 1996. Walimsikiliza vizuri zaidi, na hawakumpiga pasi.

Ninazo zote mbili, ila mkono wangu huiendea ile ya zamani, pamoja na makosa yake. Ile mwenyewe aliwahi kuishika, akaweza kuisikiliza na kukunja uso pale walipomharibia. Hii ya 2011 haina wa kuinung'unikia.