Kwa mvuvi wa dagaa aliyeshindwa tahajudi

Ujumbe umetoka Igombe, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, kwa kijana anayevua dagaa. Tangu Ramadhani ameanza tahajudi, ile swala ya sunna ya usiku wa manane, mara nne, na mara zote nne imemshinda wiki ya pili. Mkewe anamwambia, "Baba Zuhura, ndivyo ulivyoumbwa, ridhika tu." Ustadhi wa mtaani kwao anasema anaidekeza nafsi. Anauliza amsikilize nani.

Kwanza asimsikilize yeyote. Anunue daftari.

Kiswahili kina maneno mawili hapa, na siku hizi watu wameyafanya moja: hulka na tabia. Hulka umezaliwa nayo, tabia umeifuga mwenyewe. Wajumbe wa kabila la Abdul-Qais walipofika Madina, Mtume (s.a.w.) alimwambia mmoja wao, Ashaji, kuwa ana sifa mbili anazozipenda Allah: upole na kutokuwa na pupa. Ashaji akauliza, je, amezichuma mwenyewe au kaumbwa nazo? Akajibiwa kuwa kaumbwa nazo. Basi hulka ipo, na hawa wanaowaambia vijana kwamba kila mtu anaweza kuwa chochote akikaza moyo wanawachosha bure.

Ila usijiite mvivu wa kuzaliwa kabla ya kupima. Siku 14 mfululizo andika vitu vitatu: saa uliyolala, saa uliyoamka, na kilichokuamsha. Hicho cha tatu ndicho kinachosema kweli. Kama tajiri mwenye chombo akipiga simu saa 9 usiku unaruka kitandani, usingizi mzito si hulka yako. Lakini usikimbilie kujilaumu. Chomboni kuna wenzako watatu wanaokungoja, na usipofika watakuja kugonga dirisha. Kwenye tahajudi uko peke yako, hakuna wa kugonga. Kilichopungua hapo ni mwenza, hivyo tafuta jirani mmoja mnayegongeana. Na kama daftari linaonyesha umetoka ziwani alfajiri, ukaanika dagaa hadi saa 4, ukalala kwa muda wa saa tatu tu, basi hata nafsi isisingiziwe. Hilo ni deni la usingizi, na deni la usingizi hulipwa kwa kulala.

Kosa kubwa la wanaoanza ni kipimo. Mtu husikia mawaidha yakamgusa, usiku uleule anasimama rakaa nane. Siku ya tano anapitiwa. Siku ya sita anataka kulipa kwa rakaa kumi na sita. Siku ya kumi anaona aibu hata kwenda msikitini, na kinachoanza kuyumba sasa ni faradhi. Sahaba Abdallah bin Amri alikuwa akifunga kila siku na kusoma Qur'ani nzima kila usiku. Mtume akampunguzia, yeye akaomba zaidi, akamwongezea kidogo kidogo. Alipozeeka alitamani angeikubali ile ruhusa ya mwanzo. Kijana wa Igombe asome hapo mara mbili.

Kinachomfaa ni yale mambo matatu aliyousiwa sahaba Abu Huraira na Mtume: kufunga siku tatu kila mwezi, rakaa mbili za dhuha, yaani za asubuhi jua likishapanda, na kuswali witri, swala ya kufungia usiku, kabla ya kulala. Ukiyatazama vizuri, utadhani yamepangwa na mtu anayeijua kazi ya dagaa.

Dagaa hufuata taa, na mbalamwezi huishinda taa. Kwa hiyo siku za giza vyombo viko ziwani usiku kucha, mwezi ukijaa vinapumzika ufukoni. Siku nyeupe, tarehe 13, 14 na 15 za mwezi wa Kiislamu, zinaangukia mapumziko hayohayo. Ukipotewa na hesabu, tazama upande wa mashariki magharibi ikiingia: mwezi unaochomoza jua likizama umejaa. Mwanza saumu ni kama saa 13 na nusu, na haibadiliki sana mwaka mzima. Daku usile dagaa wa kukaanga wenye chumvi, watakutesa kwa kiu kabla ya adhuhuri. Maharage na viazi vitamu vinashikilia tumbo. Kushona nyavu chini ya mwembe ukiwa umefunga kunawezekana, kuburuta mtumbwi jua la saa 8 acha.

Dhuha inamfaa kuliko tahajudi, kwa kuwa wakati wake yuko nchi kavu na yuko macho. Jua la Mwanza huchomoza kati ya saa 12 na nusu hivi na saa 1 asubuhi. Ngoja robo saa, kisha una nafasi mpaka karibu na saa 6. Dagaa wakishatandazwa kwenye chanja, nawa, tia udhu, swali mbili. Hapo ni dakika saba.

Witri siku za giza iswaliwe chomboni baada ya isha, taa zimeshawekwa majini mnasubiri dagaa wajikusanye. Rakaa moja inatosha. Mtume aliswali witri juu ya mnyama wake safarini, hivyo kukaa juu ya ubao wa mtumbwi hakuna ubaya. Faradhi ndiyo ya kusimama, ila chombo kikiyumba ukaogopa kuanguka, kaa.

Fanya hivyo miezi mitatu ya mwandamo bila kuongeza kitu. Utatamani kuongeza, hasa wiki zikienda vizuri. Usiongeze. Baada ya hapo, siku za mbalamwezi pekee, amka nusu saa kabla ya alfajiri uswali mbili. Giza likirudi, acha tena, bila majuto. Enyi mnaotaka kupanda ngazi kwa kuruka, mnajua wenyewe mmeanguka mara ngapi. Amali anazozipenda zaidi Allah ni zile za kudumu, hata zikiwa chache, na neno hilo lipo katika vitabu vya hadithi vya Bukhari na Muslim, si langu.

Mama Zuhura aambiwe kuwa hajakosea sana. Amejua kuwa mumewe si mtu wa saa 9 usiku, ila hajauliza ni mtu wa saa ngapi.

Daftari likae kwenye mfuko wa nailoni, uandike kwa penseli. Wino wa baadhi ya kalamu ukilowa maji ya chomboni husambaa, na usiku mmoja tu unapoteza wiki mbili.