Usizibe chumba cha seva ukiwa na kipozahewa cha maji ndani: hewa iliyolowa lazima itoke nje

Ndugu, usiyazibe hayo madirisha. Umeandika kwamba chumba chako cha seva kina mzigo wa kilowati 6 na ukubwa wa mita za ujazo zipatazo 40, kwamba kiyoyozi kilichopo kinalemewa mchana, na kwamba unakusudia kununua kipozahewa cha maji cha kusimama sakafuni, yaani feni inayopuliza hewa kupitia pedi zilizoloweshwa maji, ukiweke karibu na makabati ya seva, uzibe madirisha na nyufa za mlango ili vumbi lisiingie, kisha uviache vyombo vyote viwili vifanye kazi pamoja. Umeuliza mambo mawili: kama mpango huo utapunguza matumizi ya umeme, na kama pedi za karatasi ni bora kuliko zile za nyuzi za mbao. Jibu la swali la kwanza ni hapana, na tena utatumia umeme mwingi kuliko sasa; swali la pedi litasubiri mpaka hili litatuliwe. Nalisema hili bila kusita kwa sababu mpango wako ndio tulioutekeleza katika chumba nilichokuwa nakisimamia, na hasara yake naijua.

Maji yanapogeuka kuwa mvuke hunyonya joto kutoka katika hewa inayoyapitia. Lita moja ya maji katika halijoto ya kawaida ya chumba huchukua takriban kilojuli 2,430, sawa na karibu kilowati-saa 0.68, na ndiyo maana hewa inayotoka kwenye pedi ni baridi. Hapo ndipo watu wengi wanapopotea. Joto hilo halijaondoka chumbani; limehama tu kutoka kwenye hewa likaingia katika mvuke, na mvuke wenyewe bado umo ndani ya kuta zilezile. Kipimajoto kinashuka, lakini jumla ya nishati iliyomo chumbani haijapungua hata kidogo, bali imeongezeka kwa kiasi cha umeme unaoliwa na feni na pampu. Ni kama kuanika nguo mbichi ndani ya chumba kisicho na tundu: baada ya muda hewa hukinai maji na nguo hazikauki tena.

Tufanye hesabu kwa chumba chako. Ili uvukizaji uchukue joto la kilowati 6, ni lazima takriban lita 9 za maji zigeuke mvuke kila saa. Hewa yenye nyuzi joto 25 haiwezi kubeba zaidi ya gramu 23 hivi za mvuke katika kila mita ya ujazo, kwa hiyo hewa yote ya chumba chako, hata ikijaa kabisa, haifikishi lita moja, na sehemu ya kiasi hicho tayari imo ndani kabla hujawasha chochote. Hizo lita 9 za kila saa zitakwenda wapi ikiwa umeziba kila upenyo? Katika dakika chache za mwanzo utasikia ubaridi mzuri na utafurahi, kisha pedi zitaendelea kulowa bila maji kuvukizwa, na halijoto itaanza kupanda tena, safari hii ikiwa ndani ya hewa nzito iliyoshiba unyevu.

Utasema kwamba kiyoyozi kitauondoa unyevu huo. Ni kweli kitauondoa, na hapo ndipo hasara yetu kubwa ilipoanzia. Kiyoyozi hukausha hewa kwa kuupoza mvuke mpaka ugeuke maji tena, na kila lita inayorudi kuwa maji hukirudishia kiyoyozi zile kilowati-saa 0.68 zote, ambazo sharti kizitoe nje kwa umeme. Kwa hiyo kiyoyozi hakikupunguziwa mzigo wowote. Kiliongezewa joto la feni na pampu. Asubuhi tulikuwa tunajaza tangi la kipozahewa, na jioni tulikuwa tunamwaga ndoo iliyokuwa chini ya bomba la kutolea maji la kiyoyozi, maji yaleyale yakiwa yamezunguka chumba kizima na kurudi kwa gharama ya umeme. Anayetaka kucheka kuhusu ile ndoo na acheke, lakini kwanza aende akatazame iliyo chini ya kiyoyozi chake.

Lililo baya zaidi ni kwamba kidhibiti cha kiyoyozi hupima joto, hakipimi unyevu. Hewa ikipozwa kwa maji, kidhibiti huona kwamba chumba kimepoa na kuizima kompresa, ile mashine ya kugandamiza gesi ya kupozea. Kompresa ikizimika, ukaushaji nao husimama, ilhali kipozahewa kinaendelea kuongeza mvuke. Kompresa inapowaka tena, kiyoyozi hupuliza hewa baridi sana kwenye chuma chochote kilicho mbele yake, na chuma hicho kikishapoa kuliko kiwango cha umande cha hewa ya chumba, yaani halijoto ambayo mvuke huanza kugeuka maji, maji huanza kutona juu yake. Kwetu lilikuwa bati la juu la kabati lililoelekeana na tundu la kiyoyozi. Matone yalijikusanya kwenye ukingo wake, yakateremka kwa kufuata nyaya zilizokuwa zimefungwa pamoja vizuri sana, hadi kwenye soketi za kugawia umeme upande wa nyuma. Seva zinazofanya kazi huwa na joto kuliko hewa, kwa hiyo hazilowi kwa urahisi. Kinacholowa ni kile kilichozimwa, kile cha akiba, na kila kipande cha chuma kilicho baridi. Na hata pasipo tone moja kuonekana, vumbi lililotua kwenye bodi za saketi hunyonya unyevu, chumvi zilizomo huyeyuka na kuanza kupitisha umeme mahali pasipotakiwa, na vigusio vya shaba huanza kuliwa na kutu ya kijani.

Aliyetuuzia chombo kile sina cha kumpongezea. Alikuja na kipimajoto, akakishika mbele ya feni mlango ukiwa wazi kabisa, na sote tukashuhudia namba zikishuka. Hakuja na kipimaunyevu. Hakueleza kwamba ule mlango uliokuwa wazi ndio uliokuwa ukiifanya kazi ipatikane, wala hakusema lolote tulipomwambia waziwazi kwamba tungeufunga. Alitaja umeme mdogo unaotumiwa na pampu, jambo ambalo ni kweli, kisha akatuachia sisi wenyewe tuhitimishe uongo. Mtu anayeuza vifaa vya kuingizwa kwenye chumba chenye kumbukumbu za watu hana ruhusa ya kunyamaza namna hiyo, na wewe ukimwona muuzaji anapima joto peke yake, mwombe apime na unyevu, tena baada ya saa nzima mlango ukiwa umefungwa.

Wala usidhani kosa hili ni la vyumba vidogo tu. Kituo cha data cha Facebook kule Prineville, katika jimbo la Oregon nchini Marekani, kilijengwa kipozwe kwa hewa ya nje iliyopitishwa kwenye ukungu wa maji, na ni mfano mzuri wa jinsi njia hii inavyookoa nishati ikitumiwa sawasawa. Katika majira ya joto ya mwaka 2011, hitilafu ya mfumo wa udhibiti ilifunga milango ya hewa ya nje, na hewa ya moto iliyotoka nyuma ya seva ikarudishwa kupitia mfumo wa maji badala ya kutolewa nje. Unyevu ulipita asilimia 95, maji yakajikusanya ndani ya vifaa vya kuzipatia seva umeme, na baadhi ya seva zikazimika. Wahandisi walikuwepo, fedha zilikuwepo, na bado sababu ilikuwa ileile: hewa iliyokwisha kupita kwenye maji haikutoka.

Ukiitaka njia hii kwa dhati, hewa iingie kutoka nje, ichujwe, ipite kwenye pedi, ipite mbele ya seva mara moja tu, kisha itoke nje moja kwa moja kupitia tundu lililo nyuma ya makabati na lisilo dogo kuliko la kuingilia. Kila kilowati huhitaji takriban mita za ujazo 300 za hewa kwa saa ikiwa hewa itaongezeka nyuzi 10 ikipita ndani ya seva, kwa hiyo wewe unahitaji zipatazo 1,800 kwa saa, zinazoingia na zinazotoka. Vumbi linazuiwa na kichujio na kwa kuhakikisha hewa inasukumwa ndani, ili kila ufa uwe unatoa badala ya kuingiza. Halizuiwi kwa kuziba.

Kabla ya hayo yote, pima unyevu wa hewa ya nje katika saa mbaya kuliko zote za mwaka. Hewa ya nyuzi 35 yenye unyevu wa asilimia 20 ikipita kwenye pedi nzuri hutoka ikiwa na nyuzi 22 hivi, na hiyo inatosha kabisa. Hewa ya nyuzi 32 yenye unyevu wa asilimia 70 hutoka ikiwa na nyuzi 28, tena karibu imejaa maji, ilhali mwongozo wa ASHRAE, chama cha Marekani cha wahandisi wa upozaji na viyoyozi, unapendekeza seva zipate hewa ya kati ya nyuzi 18 na 27, na hata kwa daraja pana la vifaa vya kawaida hauruhusu unyevu upite asilimia 80. Kama hewa yako ni ya aina hiyo ya pili, maji yasiingie kabisa katika chumba cha seva.

Lakini yanaweza kukaa nje na bado yakakufaa. Weka pedi zenye kulowa mbele ya kondensa ya kiyoyozi chako, ile inayokaa nje ya jengo, ili ivute hewa iliyopoa badala ya hewa ya moto ya mchana. Kompresa itapunguziwa kazi saa zile hasa inapolemewa, na mvuke wote utakwenda zake na upepo. Au tafuta mtambo wenye bamba la kubadilishana joto, ambamo maji huvukizwa upande wa hewa ya nje na hewa ya chumba hupoa upande wa pili bila kukutana nayo. Mipangilio hiyo miwili ndiyo inayokuruhusu kuziba madirisha.

Kabla hujalipa, andika hapa halijoto na unyevu wa hewa ya nje adhuhuri na usiku wa manane, pamoja na upana wa ukuta ulio nyuma ya makabati, tuone kama tundu la kutolea hewa linaweza kupatikana.