Kwenu Mnaoanza Kuzisaka Namba Tasa za Mersenne

Wadogo zangu, namba za Mersenne ni zile za umbo 2^p − 1, nasi tunasaka zilizo tasa. Wiki hii nimepitia programu tatu za wanafunzi wapya, na zote tatu zimetangaza kuwa 2^67 − 1 ni namba tasa. Si tasa. Édouard Lucas alithibitisha hivyo mwaka 1876 bila kupata kigawo hata kimoja, na mwaka 1903 Frank Nelson Cole akavitoa vigawo vyenyewe, 193707721 na 761838257287. Chanzo cha kosa lenu nakijua vizuri, kwani niliwahi kulifanya.

1. Hakikisheni kwanza kwamba kipeo p chenyewe ni tasa, la sivyo 2^p − 1 nayo haiwezi kuwa tasa, na mnapoteza umeme.

2. Msiipime namba ya Mersenne kwa jaribio la Fermat mkitumia 2. Nilipokuwa mwanafunzi, niliandika programu ya jaribio hilo: kwa namba n inayopimwa, ilikokotoa 2^(n − 1) na kutazama kama baki ikigawanywa kwa n ni 1, kama inavyokuwa kwa kila n tasa inayozidi 2. Kila kipeo tasa nilichokiingiza kilifaulu: 11, 23, 29, 37, 41. Kwa majuma matatu niliamini kwamba nimegundua jambo, nikachora jedwali safi na kumpelekea msimamizi wangu. Alilitazama kimya, akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza, 2^11 − 1 = 2047, na kuniuliza, «Mwanangu, 2047 umejaribu kuigawanya kwa 23?» Jibu ni 89 kamili. Nilitamani ardhi ipasuke. Kisha akanionyesha kilichokuwa wazi muda wote: ikiwa n = 2^p − 1, basi 2^p ikigawanywa kwa n huacha baki 1, na kwa kuwa p ni tasa, n − 1, yaani 2^p − 2, hugawanyika kwa p; kwa hiyo 2^(n − 1) nayo huacha baki 1, na kila namba ya aina hiyo lazima ifaulu, iwe tasa au isiwe. Nilikuwa nimeiuliza namba swali ambalo umbo lake lilikwisha kulijibu.

3. Tafuteni vigawo vidogo mapema: p ikizidi 2, kila kigawo tasa cha 2^p − 1 kina umbo 2kp + 1, k ikiwa namba nzima, na kikigawanywa kwa 8 huacha baki 1 au 7.

4. Uthibitisho utoke kwa jaribio la Lucas–Lehmer, lililoundwa kwa ajili ya namba za Mersenne. Hata 2^136279841 − 1, yenye tarakimu 41,024,320, iliyopatikana Oktoba 2024, ilipita kwanza jaribio la Fermat kwa kutumia 3, lakini haikutangazwa hadi Lucas–Lehmer ilipoithibitisha. Anzeni na 4, zidisheni namba kwa yenyewe, toeni 2, chukueni baki ya kugawanya kwa 2^p − 1, mrudie mara p − 2. Mwisho ukiwa sifuri, namba ni tasa. Fanyeni angalau mara moja kwa mkono, kama nilivyofanya usiku ule kwa 2047: 4, 14, 194, 788, 701, 119, 1877, 240, 282, na katika hatua ya tisa, 1736, ambayo si sifuri.