Maswali na Majibu: Bahasha ya Sauti Inayotawaliwa kwa Volti

Maswali ya safari hii yametoka kwa wasomaji wa Tanga, nayo yanahusu saketi moja ya sintesaiza ya analogi, yaani kinanda kinachotengeneza sauti kwa saketi za umeme: ile inayochora bahasha ya sauti, yaani namna sauti inavyopanda, inavyoshuka, inavyodumu na inavyofifia.

Napiga kinanda katika kikundi cha taarabu hapa Ngamiani. Saketi yangu ya voliumu nne (vinobu vya kuzungusha, kimoja kwa kila hatua ya bahasha) inafanya kazi vizuri. Kwa nini niihangaikie kuitawala kwa volti?

Kwa sababu voliumu hungoja mkono, na mikono yako imo kazini. Sikiliza marimba: ubao mrefu wa sauti nzito huendelea kulia, ilhali ubao mfupi hunyamaza upesi. Voliumu uliyoiacha mahali pamoja huzipa noti zote mshuko uleule. Ukiichukua volti ya kinanda, ambayo katika sintesaiza nyingi huongezeka volti 1 kwa kila oktava, ukaipunguza kiasi na kuiingiza kwenye saketi ya bahasha, noti za juu zitafupika zenyewe.

Shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi wa redio, Chumbageni. Mahali pa voliumu niweke nini?

Marahaba. Acha kufikiria ukinzani, fikiria mkondo. Bahasha ni volti iliyo kwenye kapasita, kijenzi kinachohifadhi chaji, inapojazwa na kumwagwa. Muda wa kuijaza kapasita ni ukubwa wake ukizidishwa kwa volti, kisha ukagawanywa kwa mkondo. Kapasita ya mikrofaradi 0.1 ikipandishwa volti 10 kwa miliampea 1 huchukua milisekunde 1, na kwa mikroampea 0.1 huchukua sekunde 10. Chipu ya LM13700, amplifaya inayotoa mkondo, inafaa sana hapa, kwa kuwa mkondo inaoutoa hauwezi kuzidi ule unaouingiza katika mguu wake wa udhibiti. Mkondo huo wa udhibiti utautengeneza kwa transista, ambayo huuzidisha mara 10 kwa kila milivolti 60 zinazoongezeka kati ya besi na emita. Kwa hiyo wigo mzima wa mara 10,000 unahitaji milivolti 240 tu, na rezista ya kiloohmu 100 pamoja na ya kiloohmu 2.4 zitaishusha volti 10 ya udhibiti hadi karibu na hapo.

Umbo la mteremko nalo ni uamuzi wako. Ukiipa LM13700 tofauti kubwa ya volti kwenye miguu yake ya kuingilia, itatoa mstari ulionyooka. Ukiigawa tofauti hiyo hadi ibaki kama milivolti 20, utapata mkunjo unaoshuka haraka mwanzoni na kupungua kasi kadiri unavyokaribia mwisho. Mimi huchagua mkunjo, kwa sababu ndivyo uzi uliopigwa unavyonyamaza. Lakini una gharama yake: umegawa mara 450 hivi, kwa hiyo kosa la milivolti 0.4 ndani ya chipu litaonekana kwenye kapasita kama karibu volti 0.2, na sauti haitazimika kabisa. Weka voliumu ndogo ya kurekebisha kosa hilo tangu mwanzo.

Naweza kutumia chipu ya taima ya 555? (Muheza)

Ndiyo, kwa kupanga zamu. Ikilishwa volti 15, hutambua kilele kwenye theluthi mbili, yaani volti 10, kisha huamuru mshuko uanze. Usiiunganishe moja kwa moja na kapasita, kwa kuwa mguu wake wa kilele hunyonya karibu mikroampea 0.1, iunganishe baada ya TL072, chipu ya amplifaya inayoisoma volti ya kapasita bila kuinyonya.

Bahasha yangu ndefu ilikuwa sawa kiangazi. Masika hii haimalizi kufifia. Nimeshabadilisha chipu. (Raskazone)

Chipu haina kosa. Mimi pia nilibadilisha mbili kabla sijauelewa ugonjwa huu wa pwani. Unyevu wenye chumvi hushikana na mabaki ya fluksi (dawa ya kulehemu), na njia ya megaohmu 100 tu, kwenye volti 10, hupitisha mikroampea 0.1, mkondo uleule unaoutegemea kwa bahasha ya sekunde 10. Safisha bodi kwa spiriti na brashi, ikaushe vizuri, kisha ipake vanishi. Kama kapasita ni ya elektroliti, iondoe, kwani huvuja hata kukiwa kukavu. Weka ya poliesta. Ukichora bodi upya, izungushie nukta ya kapasita pete ya shaba iliyounganishwa na tokeo la TL072: pete na nukta zikiwa na volti sawa, hakuna kitakachovuja kati yao.

Je, joto nalo huathiri? (Pangani)

Huathiri sana ukitumia transista moja. Volti ya besi hupungua karibu milivolti 2 kwa kila nyuzi 1, hivyo boksi likipata joto la nyuzi 10 zaidi, mkondo huongezeka zaidi ya maradufu na bahasha hubaki nusu. Tumia transista mbili za aina moja zilizogusana migongo, moja ikiipa nyingine kipimo. Mabadiliko yanayobaki ni kama asilimia 0.3 kwa nyuzi, ambayo yangeharibu tyuni ya oskileta (saketi inayozalisha noti), lakini kwenye bahasha sikio haliyatambui.