Usisaini karatasi ya mwenye Coaster

Pole sana, dada. Coaster uliyopanda imepata ajali pale Iwambi, Mbeya, mguu umevunjika, na mwenye gari anakuletea laki tatu na karatasi ukiwa bado kitandani? Usisaini. Ukishaandika kwamba huna dai, kampuni ya bima itakuonyesha karatasi hiyohiyo.

Kama ulitibiwa bila PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, mtume ndugu polisi leo, aulize na namba ya kesi ya dereva. Tunza nakala, picha za eksirei, risiti zote, hata za bajaji. Stika ya bima ipigwe picha. Hata bima ndogo, ile ya mtu wa tatu, inamhusu abiria wa kulipa nauli. Barua ya madai kwa kampuni ya bima igongwe muhuri wa kupokelewa. Wakikuzungusha, TIRA, mamlaka inayosimamia bima, wana ofisi Mbeya.

Mguu ukiacha ulemavu, usitaje kiasi kabla daktari hajaandika asilimia. Hapo tafuta wakili.