Jibu: Shehena imelowa, bima imekataa kulipa

Ndugu, umeuliza kama wakili yeyote anatosha kudai fidia ya shehena iliyoingia maji melini. Tafuta aliyebobea kwenye sheria za bahari, tena mapema. Chini ya Kanuni za Hague-Visby, yaani kanuni za kimataifa za usafirishaji wa mizigo kwa meli, madai dhidi ya msafirishaji hufa mwaka 1 baada ya mzigo kukabidhiwa, usipofungua kesi. Uharibifu usioonekana kwa macho hutakiwa kuripotiwa kwa maandishi ndani ya siku 3. Ukisubiri kwanza mvutano na bima uishe, mwaka utakuponyoka, na bima nayo itakulaumu kwa hilo! Mpelekee wakili hati ya shehena, mkataba wa bima na ripoti ya mkaguzi. Muulize pia mkataba unafuata sheria ya nchi gani. Mingi hufuata ya Uingereza.